Mkubwa Yuko Kericho

"Sijengi, Mama. Hata ukinipiga kwa mwiko, sijengi."

"Nikupige kwa mwiko, mtu wa miaka thelathini na miwili? Na mwiko wenyewe nimeuazima kwa Wilhelmina. Mimi hata mwiko sina."

Oyugi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake cha kupanga, pale Igogo, Mwanza mjini, amejaza mlango mzima kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie. Mama yake, Apiyo, alikuwa amekaa uani juu ya furushi la nguo zake. Tangu asubuhi walikuwa kwenye jambo hilohilo, na wapangaji wenzao walikuwa wameshaacha kujifanya hawasikii.

"Mwenyekiti Mhoja amesema mbele ya mkutano mzima wa kijiji," Apiyo aliendelea. "Mwisho wa mwezi, asiye na nguzo zilizosimama, kiwanja anapewa mwingine. Leo tarehe tano. Nyasi zipo, fito zipo, mikono unayo. Unangoja nini, malaika?"

"Namngoja Zadok."

"Zadok!"

"Ndiyo, Zadok. Mkubwa hajajenga, mdogo anajengaje? Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, Mama. Ulinifundisha kabla sijajua kuvaa suruali. Leo unajifanya umesahau?"

Mtoto alikuwa amesema kweli.

Kwao ndugu hujenga kwa kufuatana walivyozaliwa. Mkubwa husimamisha nguzo yake, ndipo mdogo achimbe shimo lake. Mdogo akimruka mkubwa, anaiita chira nyumbani, laana ya kuvunja desturi, na chira haiji na kelele. Mtoto anakonda bila homa. Mwanamke anaharibu mimba bila kuanguka. Aloo, mke wa Oyugi, alikuwa ameshaharibu mimba mbili, na sasa alikuwa na ya tatu, ya miezi mitano. Siku hiyo alikuwa ndani nyuma ya mumewe akichambua mchele, na katika kelele zote zile hakuna aliyelitaja tumbo lake. Hapakuwa na haja.

Zamani jambo hili halikuwa na haraka. Marehemu mume wa Apiyo alikuja kutoka Mara na nyavu zake, akaweka boma ufukweni upande wa Magu, na boma lilikuwa pana. Zadok akikawia, nafasi yake ilimngoja. Oyugi alipooa alipanga chumba mjini karibu na bandari alikofanya kazi, na Apiyo alibaki na nyumba yake, kuku wake na kaburi la mumewe. Halafu mwaka ule wa sabini na nne ikaja Operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Lori lilifika Septemba, vijana wakapanda juu ya paa wakaliezua, na kabla jua halijafika utosini Apiyo alikuwa amekaa barabarani na vyungu vyake, akiangalia kuta ambazo sasa mvua ingeziingia itakavyo.

Kijiji kipya kilikuwa mwendo wa saa moja kutoka pale, na viwanja vyake vilipimwa kwa kamba, nyumba zifuatane kama meno. Apiyo alipewa namba kumi na saba. Ilikuwa na nafasi ya nyumba mbili, na ilikuwa karibu na maji. Hakuwa na ubaya na kiwanja. Lakini kamba ya serikali haikujua nani mkubwa na nani mdogo.

Na kule Igogo hakuweza kukaa. Mama halali chini ya paa moja na mwanawe na mke wa mwanawe; hilo nalo halikuwa la kujadiliwa. Kwa mwezi mzima alikuwa akilala jikoni kwa jirani, Wilhelmina, Mhaya mwenye cherehani, katikati ya gunia la mkaa na mkungu wa ndizi.

Wilhelmina ndiye aliyeingilia sasa, uzi mdomoni. "Mama Zadok, mimi nisemeje. Kwetu Bukoba mtu hujenga akipata nyasi. Mkubwa akichelewa, atamkuta mwenzake barazani anakunywa pombe yake ya rubisi."

"Kwenu mna migomba," Apiyo alimjibu. "Mgomba hauna wivu."

Aliinuka, akakung'uta kanga yake, akamtazama Oyugi. "Unamtaka mkubwa wako? Basi nitamleta."

"Utamleta kutoka wapi?"

"Si yuko Kericho? Hayuko mbinguni."

Oyugi alicheka, ingawa hakuwa na furaha. "Mama, Zadok aliondoka mwaka hamsini na nane. Hata ukipishana naye njiani hutamjua."

"Nilimjua kabla hajawa na uso," alisema Apiyo. "Nipe ile bahasha ya barua yake, yenye anwani."

Meli iliondoka Mwanza Jumanne. Apiyo alikaa daraja la tatu, kwenye sitaha, mgongo wake kwenye ukuta wa chuma uliokuwa na joto. Watu walipanda Musoma na magunia ya samaki wakavu, wakaongea, wakalala, wakaamka wakaongea tena. Yeye hakuongea. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, kila mtu alijua hivyo, lakini maneno yake yalikuwa ya kuamuru na ya kugombana, na pale hapakuwa na wa kuamuru wala wa kugombana naye. Kwa siku mbili sauti yake aliitumia mara tatu: kuomba maji, kuomba njia, na kumwambia mama mmoja kwamba mtoto wake alikuwa akitafuna kamba ya meli.

Kisumu alipanda basi. Basi lilipita mashamba ya miwa na mpunga, halafu likaanza kupanda, likapanda mpaka masikio yake yakaziba. Hewa ikawa baridi kama maji ya mtungi. Na alipotazama nje aliona kitu ambacho hakuwa amekitegemea, kwa sababu hakuna barua ya Zadok iliyowahi kukitaja: vilima vyote vilikuwa vimenyolewa. Chai ilifunika kila kilima, kimo kimoja, kijani kimoja, hadi mwisho wa macho. Hapakuwa na mti wa kukaa chini yake wala jiwe. Kwao Mwanza mawe yamesimama kila mahali, hata ziwani. Mtu hupotea kwa mawe kumziba. Hapa mtu angeweza kupotea huku anaonekana.

"Unatoka wapi, mama?" aliuliza mwanamke aliyekaa naye.

"Tanzania. Mwanza."

"Ah, kwa Ujamaa!" Mwanamke alimgeukia mzima mzima. "Ni kweli kijiji kizima mnalala nyumba moja?"

"Ingekuwa kweli nisingekuwa kwenye basi hili," alisema Apiyo.

Shamba la kampuni lilikuwa mbele kidogo ya mji. Alimtaja Zadok getini, na mlinzi akasema, "Nyapara Zadok?" kwa heshima, akamtuma mtu. Apiyo alisimama na kikapu chake. Baada ya muda alikuja mwanaume mwenye viatu vya mpira na mwavuli mweusi, mvi zimeanza juu ya masikio, na mwendo wake ulikuwa wa marehemu baba yake kabisa, bega la kushoto likitangulia. Apiyo aliweka kikapu chini. Alingoja shikamoo.

Zadok alinyoosha mkono. "Habari, Mama."

Alimshika mkono kama karani anavyomshika mtu aliyekuja kuulizia kazi. Hakuwa na kiburi. Huko vilimani watu hawakuamkiana hivyo, na shikamoo ilikuwa imempotea tu, taratibu, bila yeye kujua ni lini. Marahaba ilikuwa tayari kwenye ulimi wa Apiyo, akaimeza.

"Nzuri," alisema.

Nyumba ilikuwa moja kati ya nyingi zilizopangwa mistari, ukuta mweupe, bati, mlango wa kijani, namba mlangoni. Mke wa Zadok aliitwa Chelangat, Mkipsigis, mrefu, mpole. Alimpokea kwa mikono miwili, akampa maziwa ya kibuyu yenye unga wa mkaa ndani yake, akamfunika blanketi. Kiswahili chake kilikuwa "karibu", "kunywa" na "baridi". Watoto wanne walisimama mstari wakamtazama bibi yao. Apiyo aliwauliza majina: Kiprono, Cherono, Kibet, Chepkoech. Alingoja jingine. Kwao mtoto wa mkubwa hubeba jina la babu aliyekufa, na babu yao alikuwa Oyoo. Hakuna aliyelibeba.

Alasiri ya siku ya pili, bati lilianza kupigwa kwa mawe. Apiyo aliruka akashika rungu la mlangoni, akamwita Chelangat waingize watoto. Watoto walikuwa nje wakicheka, viganja wazi, wakila yale mawe. Kiprono alimletea moja. Lilikuwa barafu, na liliyeyuka mkononi mwake kabla hajaamua kama amshukuru. Chelangat alicheka mpaka akashika mbavu, na Apiyo naye akacheka, na kwa muda ule mfupi walikuwa wakwe. Kisha kicheko kikaisha, na hapakuwa na neno la kukifuata.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema Waswahili. Siku ya tatu ilifika na hakuna aliyempa jembe. Alipotaka kufagia, Chelangat aliuchukua ufagio kwa upole. Alipotaka kuchota maji, Cherono alishakwenda. Alikaa kwenye kiti, blanketi mabegani, kama barua iliyofika kwa mtu asiyejua kusoma.

Basi akamfuata mwanawe kazini. Alisimama pembeni ya njia akawatazama wachumaji, vikapu mgongoni, mikono ikienda kama mdomo wa kuku anayedonoa. Kila mmoja alikuwa na fimbo ndefu nyembamba. Aliilaza juu ya majani, na kilichotokeza juu ya fimbo ndicho kilichochumwa, majani mawili na kichipukizi, ili kichaka kimoja kisikizidi kingine hata kidole. Zadok alipita kati yao, vidole vyake vyeusi kwa utomvu, akichukua konzi moja moja kikapuni.

"Hili ni jani la nne, mama," alimwambia mchumaji mmoja. "Gumu. Rudi uchambue."

"Nyapara, jicho lako hilo lipumzishe hata Jumapili tu!" mchumaji alimjibu, na mstari mzima ukacheka. Zadok alicheka nao. Apiyo hakuwahi kumwona akicheka akiwa mtu mzima. Aliona kwamba hapa mwanawe alikuwa mtu anayejulikana. Walijua hasira yake, utani wake na kikohozi chake. Yeye aliyemzaa alikuwa akimjua mtoto wa miaka kumi na minane aliyepanda meli na shati moja.

Mvua ikaja kama ilivyokuja kila siku saa tisa. Wachumaji walikimbilia kibanda cha mizani upande mmoja. Zadok alimpeleka mama yake upande wa pili, akafungua mwavuli juu yake. Apiyo alikuwa amemweleza yote siku ya kwanza, kiwanja, Mhoja, mwisho wa mwezi, tumbo la Aloo, na Zadok alikuwa amesema, "Tutaongea." Sasa alimwambia:

"Ongea."

"Nitakuja Krismasi, Mama."

"Krismasi kiwanja kitakuwa na watoto wa mtu mwingine. Nahitaji siku tano. Uje, uchimbe shimo moja, usimamishe nguzo moja, urudi kwenye chai yako. Mdogo wako atafanya yaliyobaki."

Zadok alitazama mvua. "Nyumba hii ni ya kampuni. Nikikaa nje wiki mbili, nikirudi nitakuta pazia la mtu mwingine dirishani."

"Meli inakwenda na kurudi ndani ya wiki mbili. Usinidanganye kwa hesabu. Sema jambo lenyewe."

Zadok alihamishia mwavuli mkono wa pili. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa mara ya kwanza ilikuwa ile mama yake aliyoijua.

"Nitaanzia wapi, Mama? Baba alipozikwa, mkubwa ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Sikuwepo. Chelangat sijamtolea ng'ombe kwao, wala sijamwingiza nyumbani. Nina watoto wanne ambao hawajakanyaga kaburi la babu yao. Kila nilipotaka kuja, nilikumbuka lile nililopaswa kufanya kwanza, na kabla ya hilo kulikuwa na jingine. Miaka ikapita, yakarundikana. Sasa nikiingia, niingie kwa mlango upi? Nikikosea moja, litamwangukia nani? Mtoto wangu, au wa Oyugi?"

Apiyo alikuwa amekuja na matusi tayari, ya uvivu, ya kusahau, ya kufungwa na mwanamke. Hakuwa amekuja na kitu cha kumpa mtu mwenye hofu.

"Chimba wewe," alisema Zadok.

"Unasema nini?"

"Hiyo nguzo yangu. Ichimbie wewe."

"Zadok. Unajua ni nguzo ya nani inayochimbiwa na mtu mwingine?"

"Najua."

Alijua, na mama yake alijua. Mtu aliye hai hujichimbia mwenyewe. Anayechimbiwa ni yule aliyezama na ziwa likakataa kumrudisha, au aliyekwenda vitani na hakuna aliyeleta habari. Huchimbiwa nguzo ili wadogo zake wapate kupita. Baada ya hapo nafasi yake imefungwa; hata akirudi, hurudi kama mgeni.

"Sijaja mpaka huku kwenye baridi kuzika mtoto mzima," alisema Apiyo. Alitoka chini ya mwavuli, akatembea kwenye mvua hadi nyumbani, na Zadok akamfuata hatua tatu nyuma, amenyoosha mwavuli mbele, asimfikie.

Asubuhi ya Jumapili Zadok alimsindikiza stendi. Alimnunulia tiketi na blanketi, akampa majani ya chai ya kutosha mwaka. Chelangat alilia. Zadok alisimama chini ya dirisha la basi mpaka lilipowashwa, mdomo wake ukifunguka na kufungika, na alichosema mwishoni kilikuwa, "Mama, fika salama."

Meli ilichelewa Kisumu wiki mbili kwa ubovu wa mashine. Alipofika Mwanza ilikuwa tarehe thelathini. Oyugi alikuwa amesimama bandarini na nguo za kazi, na macho yake yalipita juu ya kichwa cha mama yake, yakatafuta nyuma yake kwenye ngazi, yakangoja mpaka abiria wa mwisho akashuka.

"Mzima?" aliuliza.

"Mzima."

"Anakuja?"

"Omba ruhusa kazini. Kesho alfajiri twende kijijini."

Hakumwambia zaidi, kwa sababu hakuwa na zaidi. Usiku kucha jikoni kwa Wilhelmina aligeuka huku na huku, na kulipokucha alikuwa bado hajajua la kufanya.

Kiwanja namba kumi na saba kilikuwa kitupu kama ufizi wa mtoto mchanga. Pande zote mbili nyumba zilikuwa zimesimama, nyingine zimeshakandikwa. Nguzo walizokata Septemba zilikuwa zimelala kwenye nyasi. Mwenyekiti Mhoja alikuwa ameshafika, na pamoja naye Masalu, mtu mwenye wake wawili na watoto tisa, amevua kofia, anaona haya.

"Mama Zadok, shikamoo."

"Marahaba, Mwenyekiti."

"Unaona mwenyewe. Sheria si yangu. Masalu ana watu wengi na hana mahali. Likizama jua leo, nakiandika jina lake."

"Tupe mpaka Krismasi," alisema Oyugi. "Kaka yangu yuko safarini. Tunamngoja mkubwa."

"Krismasi ni ya kanisa, kijana. Mwisho wa mwezi ni wa kijiji. Ungechimba hata mashimo mawili ningekutetea."

"Siwezi kuchimba. Mama, mwambie."

Wote walimtazama Apiyo. Alimtazama Oyugi, ambaye alikuwa mtu mzima, mwenye nguvu, na aliyerudi nyuma hatua moja kutoka kwenye nguzo. Hakuwa mkaidi. Alikuwa na hofu ileile aliyoiona chini ya mwavuli, uso uleule. Apiyo alikuwa amezaa watoto wawili na kuwapa wote wawili hofu hiyo kama alivyowapa uji, na kwa ajili yake mmoja hakuweza kuja na mwingine hakuweza kusonga. Kama angeendelea kungoja, angewapoteza wote. Mmoja tayari alikuwa na watu wake, vilima vyake na jina lake getini.

Aliufunga upande wa kanga kiunoni, akaokota mtaimbo uliolala kando ya nguzo.

"Mama, unafanya nini?"

"Nachimba."

"Mwanamke hachimbi shimo la nguzo!"

"Basi chira ikija itaona ni mikono ya nani. Mimi nimekwisha zaa, haina cha kunikondesha."

Aliuinua mtaimbo akauangusha upande wa kulia wa kiwanja, upande wa mkubwa. Udongo ulikuwa mkavu juu na laini chini. Masalu alipiga hatua aje kumsaidia, na Mhoja akamshika mkono. Oyugi alikuwa ameelewa.

"Ya nani hiyo? Mama. Hiyo ni ya nani?"

"Ya Zadok."

"Umesema mzima! Umesema umemwona mzima!"

"Mzima, kule. Ana mke mwema na watoto wanne, na watu wanacheka naye na kumheshimu." Alitoa udongo kwa mkono, akiwa amepiga magoti, hakuinua uso. "Hapa hayupo, Oyugi. Nilikwenda mpaka mwisho wa njia nikahakikisha. Hapa hayupo tena."

Alichagua nguzo ndefu kuliko zote, akaiburuta peke yake, akaisimamisha shimoni. Iliyumba. Aliishika kwa bega, akasukumia udongo kwa miguu, akaukanyaga kwa kisigino, kuzunguka, kuzunguka, mpaka nguzo ikasimama bila yeye. Jina lote la mwanawe, lile la ubatizo na lile la nyumbani, alilitamka mara moja kwa sauti, kama inavyopasa, na sauti yake haikukatika mpaka silabi ya mwisho.

Kisha alipiga hatua kumi kuelekea kushoto, akachora msalaba kwenye udongo kwa kidole cha mguu, na kumnyooshea Oyugi mtaimbo.

"Mkubwa amejenga," alisema. "Njoo."

Oyugi alifuta uso kwa mkono wa shati, akaja, akachimba. Mama yake alimshikia nguzo.